Dawa ya ng'ombe kwenye beseni la mbwa: kisa cha familia moja ya Mwanza

Kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya familia yenyewe. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa, na mbwa nimempa jina la Popi. Mimi ndiye daktari wa mifugo niliyewahudumia. Nakiandika kwa sababu mambo yaliyotokea katika ua huu yanaweza kutokea katika nyumba yoyote yenye mbwa, paka, watoto na chupa ya dawa ya kupe.

Usuli

Familia inaishi kwenye kimoja cha vilima vya mawe vya jiji la Mwanza, mahali ambapo bajaji inaishia chini na safari iliyobaki ni ya ngazi. Ua ni wa pamoja, wapangaji ni kadhaa. Baba ni fundi wa injini za boti na mara nyingi yuko visiwani upande wa Ukerewe. Mama anakaanga sato na kuuza jioni. Anayeshinda nyumbani na watoto watatu ni bibi mzaa mama, na ndiye hasa mlezi wa wanyama.

Wanyama ni wawili. Popi ni mbwa jike wa kienyeji, mwenye kilo kama 14, anayelinda ua usiku. Paka, jike pia, aliletwa kwa ajili ya panya, maana nyumba yenye samaki haikosi panya. Wote wawili wanakula ugali uliochanganywa na vichwa vya samaki vilivyochemshwa, na kwa umbo walikuwa wazuri. Paka ana mazoea ya kulala amejikunja tumboni kwa Popi. Mazoea hayo yana nafasi yake katika yaliyofuata.

Popi alikuwa akilala juu ya magunia, chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa nje. Ukuta huo ni wa mawe na udongo. Ndani umepigwa plasta, nje haujapigwa, na una nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza kidole.

Kupe wanaondolewa, kupe wanarudi

Kupe walianza kuonekana kwa wingi mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Walikuwa masikioni, shingoni na katikati ya vidole vya miguu. Mwanzoni bibi aliwang'oa kwa mkono na kuwaminya kwa ukucha. Waliposhinda mikono yake, akapaka mafuta ya taa. Popi akatoka vidonda, kupe wakabaki.

Jirani anayefuga ng'ombe nje ya mji akajitolea kusaidia. Alileta dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, kidogo tu, na maelekezo ya mdomo: kifuniko kimoja kwenye beseni la maji. Alikuwa na nia njema kabisa, na ng'ombe wake hawana kupe.

Popi akaogeshwa kwa kifuniko kimoja kwenye beseni lililojaa. Kupe walipungua kwa siku chache. Baada ya wiki mbili walikuwa wamerudi kama mwanzo, na wengine wadogo kama mbegu za ufuta wakawa wanapanda ukutani. Familia ikakata shauri kwamba dawa ile ilikuwa hafifu na safari hii inatakiwa kali zaidi. Shauri hilo ndilo lililozaa mengine yote.

Siku ya tukio

Saa tisa alasiri, vifuniko vitatu viliwekwa kwenye beseni lililojaa nusu. Bibi alimshika Popi, na mjukuu wake wa miaka saba akasugua kwa mikono mitupu. Popi alitoa udenda, akajikunakuna na kujisugua ukutani, kisha akatulia.

Chupani yalibaki matone machache. Paka naye alikuwa na viroboto, na bibi hakutaka kilichobaki kipotee bure. Akayadondoshea matone hayo kwenye kitambaa bila maji yoyote, akampaka paka mgongoni na shingoni. Maji ya beseni yakamwagwa kwenye mfereji unaoshuka kilimani.

Jua lilipokuwa linazama, mtoto alianza kulalamika kwamba mashavu na mikono vinamchonyota kama aliyepakwa pilipili. Akaambiwa anawe uso. Kama saa moja usiku paka alianza kutikisa masikio na kurusha miguu mmoja mmoja, kama anayejaribu kukung'uta maji. Baada ya muda mfupi mwili mzima ukawa unatetemeka, udenda unamtoka, na kila mlango ulipogongwa alishtuka na kukakamaa.

Watu wa ua wakakusanyika. Mmoja alileta maziwa, mwingine mafuta ya kula. Nusu kidonge cha parasetamoli kilikuwa tayari kimesagwa kwenye kijiko kwa sababu paka alikuwa wa moto. Mama, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye biashara, aliwazuia wote kwanza akapiga simu.

Simu

"Daktari, samahani kwa usiku, paka wetu ana degedege." Nilimuuliza amekula nini na amepakwa nini. Mama alisema hajui. Sauti ya bibi ikaja karibu na simu: "Mwanangu, ni mimi. Nimempaka dawa ya kupe ya ng'ombe."

Niliwaambia wasimpe chochote mdomoni, wala maziwa, wala mafuta, wala ile parasetamoli. Mnyama anayetetemeka hamezi vizuri, na kimiminika kinaweza kuingia kwenye mapafu kikamuua hata kama sumu ingemwacha hai. Maziwa na mafuta yana ubaya wake mwingine. Dawa nyingi za kupe huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo zikiwa zimelambwa, mafuta yanaweza kuzisaidia kuingia mwilini. Na parasetamoli kwa paka ni sumu kamili. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua.

Nikawaambia wamuoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki mikononi, wamsuuze na kurudia, kisha wamkaushe na kumfunga kwenye taulo. Uvuguvugu una sababu yake. Maji ya moto hufungua mishipa ya damu ya ngozi na kuingiza sumu zaidi. Maji ya baridi humshusha joto, na kwa baadhi ya sumu hizi baridi huongeza kutetemeka. Nilichagua sabuni ya vyombo kwa sababu inakata mafuta, na dawa hizi hushika kwenye mafuta ya manyoya.

Jambo la mwisho lilikuwa mtoto. Niliposikia kwamba naye anachonyota, nilimwambia mama avuliwe nguo, aoshwe mwili mzima kwa sabuni na apelekwe kituo cha afya usiku uleule, hata kama anaonekana mzima. Sikutaka kukisia hali ya mtoto kwa simu. Na jirani atafutwe, anitumie picha ya kopo halisi la dawa.

Uamuzi mgumu wa usiku ule

Paka alifika ndani ya boksi la katoni lenye matundu, amefunikwa kanga. Joto lake lilikuwa nyuzi 40.3, wakati la kawaida halivuki 39.2. Picha ya kopo ilikuwa haijafika.

Hapa ndipo chupa ya soda isiyo na lebo inapomtesa mtabibu. Dawa za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa kwetu ni za jamii tofauti, na nyingi zinafanana: zinanuka mafuta, na zikiingia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Kuna oganofosfeti, kuna amitrazi, na kuna jamii ambayo ni pareto ya kutengenezwa kiwandani, ndugu wa lile zao linalolimwa Nyanda za Juu Kusini. Kila moja inatibiwa kwa njia yake. Oganofosfeti inataka atropini, haraka na kwa kiasi kikubwa. Amitrazi ina dawa nyingine za kuipinga. Jamii ya pareto haina dawa mahsusi ya kuipinga. Unazuia mtetemeko, unaondoa sumu kwenye ngozi, unamtunza mnyama mpaka mwili wake uitoe.

Kishawishi cha kumchoma atropini kwanza kilikuwa kikubwa, hasa kwa sababu ya udenda. Sikuitoa, kwa sababu tatu. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, na moyo ulikuwa unakwenda mbio. Oganofosfeti kwa kawaida husinyaza mboni zikawa kama ncha ya sindano na mara nyingi hupunguza mwendo wa moyo. Amitrazi ingemfanya asinzie na moyo uende polepole. Sababu ya tatu ilikuwa mashavu ya yule mtoto: mchonyoto wa ngozi bila upele wowote ni dalili inayojulikana kwa watu walioshika dawa za jamii ya pareto.

Nilichagua njia ya pareto. Dawa ya kulegeza misuli inayopendelewa zaidi kwa hali hii, methokabamoli, sikuwa nayo, nikatumia diazepamu na maji ya mshipa. Tulimuosha tena, tukamweka kwenye chumba chenye giza na kimya. Picha ya kopo ilifika usiku wa manane: saipamethrini, asilimia 10, jamii ya pareto. Lebo iliagiza mililita 1 kwa lita 1 ya maji, kwa ng'ombe. Kuhusu paka haikuwa na neno.

Mbwa na ukuta

Asubuhi familia ilimleta Popi pia, kwa ombi langu. Sumu haikuwa imemdhuru sana, lakini ufizi ulikuwa mweupe, joto limepanda, tezi za shingo zimevimba, na bibi alikumbuka kwamba wiki iliyopita alitokwa na damu puani. Kwenye hadubini sikuwaona vijidudu wenyewe, lakini chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa chache mno. Hiyo ni picha ya homa ya kupe, na nilianza kumtibu kwa doksisaiklini ya siku 28.

Baadaye nilipanda kilima kwenda kuangalia anapolala. Nilipoinua magunia na kumulika nyufa za ukuta kwa tochi ya simu, jibu la fumbo la familia lilikuwa pale. Kupe walikuwa wamejipanga ndani ya nyufa, majike waliovimba, mayai kwa mafungu, na wadogo wasio na hesabu.

Kupe wa kahawia wa mbwa si kama kupe wengi wa ng'ombe wanaomaliza maisha yao malishoni. Huyu anapenda majengo. Hupanda kwa mbwa, hunyonya, hushuka, hujificha ufa wa ukuta, hujivua ngozi, kisha hupanda tena. Hufanya hivyo katika kila hatua ya ukuaji, na mbwa yuleyule anaweza kuwalisha hatua zote. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, naye huyataga ukutani, siyo kwenye mbwa. Kupe mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Unapomtazama mbwa mwenye kupe, unaona sehemu ndogo tu ya kupe walioko nyumbani.

Tulikubaliana hivi. Magunia yachomwe. Popi ahamishiwe kwenye kitanda cha mbao kilicho mbali na ukuta, atandikiwe nguo kuukuu zinazochemshwa kila wiki. Baba, atakaporudi kutoka kisiwani, azibe nyufa kwa saruji kuanzia chini mpaka kimo cha kifua. Popi apewe dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, kwa uzito wake, kila mwezi kwa miezi isiyopungua mitatu ili iwakute wanaoendelea kuanguliwa. Paka atumie ya paka tu. Kwa wachache wanaobaki, kibano: shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kupinda, tumbukiza kwenye spiriti. Kuminya kwa ukucha kulikomeshwa, kwa sababu ndani ya kupe mna vijidudu vinavyoweza kuingia kwenye kidonda cha mkono.

Matokeo

Paka aliendelea kutetemeka kwa vipindi usiku ule na siku nzima iliyofuata. Siku ya tatu aliomba dagaa kwa sauti, na jioni yake akarudi nyumbani. Mtoto aliangaliwa kituoni akaruhusiwa, na mchonyoto uliisha kesho yake. Popi alianza kula vizuri ndani ya wiki moja, na ufizi ulirudi kuwa wa waridi kabla ya dozi kwisha. Kadi ya chanjo yake ya kichaa cha mbwa haikuonekana, kwa hiyo alipopona wote wawili walichanjwa upya.

Uchambuzi

Watu wengi wanaposikia kisa hiki wanamlaumu bibi kwa kumpaka paka. Mimi naona kosa kubwa lilifanyika mapema zaidi, pale kupe waliporudi na ikaaminiwa kwamba dawa haikuwa kali. Dawa ilifanya kazi yake kwa mbwa, lakini hakuna aliyeipeleka ukutani. Ukishaamini kwamba tatizo ni ukali wa dawa, kila hatua inayofuata ni ya hatari zaidi ya iliyotangulia. Swali la kuuliza kupe wanaporudi ni wanatoka wapi.

Kifuniko cha soda kama kipimo kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Nilikipima kwa bomba la sindano: kinachukua karibu mililita 6. Kuogesha kwa kwanza, kwenye lita kumi hivi za maji, kulikuwa chini ya kiwango cha lebo, na dozi pungufu ndiyo inayowalea kupe sugu. Kuogesha kwa pili kulivuka kiwango hicho zaidi ya mara tatu. Kipimo kilekile, katika ua uleule, kilikosea pande zote mbili. Bomba la sindano lenye namba, bila sindano yake, lingetosha kabisa.

Kuhusu paka, jambo moja lazima lieleweke: paka si mbwa mdogo. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuvunja kemikali za namna hii, ndiyo maana dawa ambayo mbwa anaivumilia humtetemesha paka mpaka kufa, na ndiyo sababu ileile inayoifanya parasetamoli kuwa sumu kwake. Zaidi ya hapo, paka hujilamba. Unachompaka mgongoni utakuwa tumboni kabla ya usiku. Hata kama bibi asingempaka, kulala tumboni kwa Popi aliyelowa dawa kungeweza kumdhuru. Nyumba yenye wote wawili inapaswa kuwatenganisha mpaka mbwa akauke kabisa, na dawa ya mbwa iliyoandikwa kwamba haifai paka isiingie kabisa kwenye nyumba ambayo wanalala pamoja.

Kilichookoa maisha ni ukweli wa bibi. Katika kazi hii nimeona watu wengi wakificha walichompaka mnyama kwa kuogopa kuaibika, na saa zinapotea tunatibu kitu kisichokuwepo. Bibi alisema neno moja kwenye simu na sumu ikaanza kuondolewa kwenye ngozi dakika zile zile. Mama naye aliwazuia watu wenye vikombe mikononi, jambo gumu kwa mwanamke kijana mbele ya majirani wakubwa kwake. Namheshimu sana kwa hilo.

Chupa ya soda ingeweza kufanya makubwa zaidi. Katika ua wenye watoto, ni chupa ambayo mtoto amezoea kuipokea na kuinywa. Anayekugawia dawa akugawie ndani ya kopo lake lenye lebo, au mpige picha lebo kabla ya kumimina. Ikibidi kumimina, chombo kisiwe cha kinywaji.

Liko na suala la maji ya beseni. Mifereji ya vilima vyetu inashuka kwenye mito kama Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Dawa za jamii ya pareto huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Mama aliponisikia nikisema hivyo alinyamaza, kisha akasema yeye anaishi kwa sato. Wenyeji wa ziwa hili hawahitaji kukumbushwa mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Beseni moja halifanani na uvuvi ule, lakini kilima kina mabeseni mengi. Changanya kiasi kinachotosha mnyama mmoja, na kilichobaki kimwagwe kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji, kisima na mahali wanapochezea watoto.

Ambayo hayajakamilika

Mpango wa ukuta ulifanikiwa nusu. Baba aliziba upande wao, na kupe kwa Popi wamepungua mpaka bibi anapitisha siku kadhaa bila kumkuta hata mmoja. Ukuta wa upande wa pili wa ua ni wa mwenye nyumba, ambaye ameahidi saruji na bado hajaileta. Mbwa wawili wa wapangaji wengine wanalala palepale, na hao ndio wanaoleta kupe wapya. Tumekubaliana na wapangaji kwamba mbwa wote watatu watapewa dawa siku moja kila mwezi, na kila nyumba itachangia kulingana na uzito wa mbwa wake. Daftari la michango analo bibi. Nyumba moja bado haijakubali, na mama anaendelea kuzungumza nao.